Maji ya Kuwaongezea Samaki

Newala, 14 Machi 1993

Mdogo wangu Gasper,

Tumsifu Yesu Kristo. Nikisubiri uniamkie wewe kwanza nitazeeka, kwa hiyo pokea marahaba yangu kabla ya shikamoo yako. Huku tu wazima. Mama yuko Makote, mguu unamsumbua lakini mdomo mzima kabisa. Kila nikienda anauliza kama samaki wa Mikindani wamekusahaulisha ming'oko, viazi vyetu vya porini. Shemeji yako Emmanuel bado anafundisha Lulindi, anakuja mwisho wa mwezi na mfuko wa nguo chafu. Flora ameota meno ya mbele, anacheka hata na kuku ili yaonekane. Mvua inanyesha, matangi yamejaa, na watu wa Newala wanaoga kama watu.

Sasa lililonishikisha kalamu. Kile chumba cha maabara nilichopewa hapa shuleni wanataka kuninyang'anya. Tangu watu binafsi waruhusiwe kununua korosho, kila mwenye lori anatafuta ghala, na mmoja wao ameshamzungukia Mzee Bartholomayo, mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Mzee kaniambia mbele ya walimu wenzangu: "Mwalimu, chumba kina mifupa ya mbuzi na chupa tupu. Hicho ni chumba au kaburi?" Kamati itakaa Oktoba kabla ya msimu. Chumba kikienda, sayansi imekwenda, na wasichana wangu wa kidato cha tatu watahamishiwa upishi na ushonaji. Nimemwambia anipe hadi Oktoba nimwonyeshe kitu.

Kitu chenyewe ni bahari. Usicheke! Darasa zima hakuna aliyeiona, na mtihani unawauliza viumbe wa baharini. Nimepata kabati la vioo la duka la ushirika lililofungwa. Mafundi wanasema likizibwa vizuri litashika maji. Wewe unafanya kazi kwa yule mgeni anayesafirisha samaki wa mapambo Ulaya. Nipe samaki wachache, na unieleze namna ya kuzuia maji yasioze. Siwezi kubadilisha maji ya bahari kila wiki, bahari yenyewe iko kwenu. Umeme huku unakuja jioni ukijisikia. Usiniandikie habari za mashine.

Dada yako mwenye haraka,
Scholastika


Mikindani, 18 Aprili 1993

Dada Schola,

Shikamoo, japo marahaba ilitangulia. Milele amina. Barua yako imechelewa, Vitalis anasema lori lake lilikwama kwenye mlima wa kupandia huko kwenu, wakala barabarani, wakalala barabarani. Mimi mzima. Mwambie Mama samaki hawanisahaulishi kitu, wananikinaisha tu.

Ombi lako limenifurahisha, dada, sikufichi. Tangu nianze kazi hii hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kuniuliza ninachofanya. Ninyi mnajua tu kwamba "Gasper anaosha samaki".

Hapa kwetu maji tunayasafisha kwa mwani. Kile kijani kinachoota penye maji na jua, ndicho hicho hicho. Samaki wanakula, wanakojoa, maji yanakuwa sumu ambayo hata huioni. Mwani unakula ile sumu kama mhindi unavyokula samadi. Basi unachukua wavu wa plastiki, unauning'iniza penye mwanga, unatiririsha maji ya samaki juu yake mchana kutwa, yanarudi chini kwenye kabati. Mwani unaota kwenye wavu. Ukinenepa unaukwangua na kuutupa, na uchafu wote umetoka nao. Maji yale yale yanadumu miezi na miezi.

Kwa kuwa huna pampu, weka pipa juu ya kabati, litoboe tundu dogo, maji yadondokee wavuni. Yakiisha pipani, wanafunzi wanateka kabatini na kurudisha juu. Weka zamu. Wavu uwe dirishani.

Vitalis atakuletea gundi ya kuzibia vioo, wavu, na madumu ya maji ya bahari. Kabati likishika maji uniambie, nitume samaki watano wagumu, wasiokufa kwa kununa.

Ni mimi muosha samaki,
Gasper


Newala, 6 Juni 1993

Mdogo wangu,

Amani iwe kwako, maana mimi sina. Mama anakusalimu; dawa ya salfa ya mikorosho imeanza, shamba lote linanuka viberiti, na amekataa mtu mwingine kumpulizia miti yake. Flora alipata homa, amepona.

Samaki walifika wote watano, wakiwa kwenye mifuko yao kama maandazi. Siku ile shule haikusoma. Yule wa milia, mweupe na wa machungwa, ameitwa Bwana Afya kwa vile hatulii, anakagua kila kona. Oliva, yule msichana wangu wa kidato cha tatu anayetoka bondeni, alisimama mbele ya kioo hadi kengele ya pili, halafu akaniuliza: "Mwalimu, wanajua kwamba wako Newala?" Nilifurahi siku ile, Gasper. Siku ile moja.

Baada ya hapo ni balaa. Wavu wako ni laini, kijani kikishika leo kesho kimeteleza kimeanguka. Nikasema subira. Jumapili wenye zamu wakaenda kanisani wakapitia mpirani, pipa likakauka, wavu ukakauka, Jumatatu chumba kinanuka kama soko la dagaa. Tukaanza upya. Mwani ukaanza kushika kweli, kijani kibichi, nikawa napita kuutazama kila kipindi. Ijumaa naingia, wavu mweupe pee! Mama Stamili, mpishi wetu, kausugua kwa jivu na mchanga.

Nilipiga kelele hadi nikaona aibu. Na yeye kanijibu taratibu: "Mama Flora, mimi nimezaliwa Newala. Tangi la mtu likiwa na utelezi wa kijani, watu wanasema nyumba hiyo haina mwanamke. Nimekusitiri kwa wageni, unanitukana?" Mimi mwenyewe Mama alinichapa kwa utelezi wa tangi, wewe ulikuwa mgongoni.

Maji yameanza kuwa na rangi ya chai. Niambie la kufanya, na unitumie madumu mengine ya maji ya bahari, kabati limepungua.

Dada yako,
Schola


Mikindani, 27 Juni 1993

Dada,

Shikamoo. Pole kwa homa ya Flora na pole kwa jivu la Mama Stamili. Nimecheka hadi mwenzangu kazini akadhani nimeletewa habari ya urithi. Samahani.

Makosa ya wavu ni yangu. Hapa wavu wetu tuliukuta umeshachakaa, sikukumbuka kwamba mpya ni laini. Uchane kwa msumeno wa chuma, pande zote, mpaka ukiushika ukukwaruze kama ulimi wa ng'ombe. Mizizi ya mwani inataka pa kushika. Jumapili ufunike kwa gunia lililoloa ikiwa zamu haipo. Na kukwangua, kwangua nusu, nusu iache, ili kabati lisilale bila mfanyakazi. Mwambie Mama Stamili kwamba huo utelezi ni mfanyakazi, tena halipwi.

Kuhusu kupungua. Hapa tafadhali nisome vizuri. Kinachopungua kabatini ni maji peke yake, jua linayakausha. Chumvi haiendi popote. Kwa hiyo usiongeze maji ya bahari, utaongeza chumvi juu ya chumvi. Piga alama kwenye kioo pale maji yalipofika siku ya kwanza, na kila asubuhi rudisha mpaka pale kwa maji ya kunywa. Ya mvua au ya bondeni, yoyote, ila yawe ya kunywa.

Kwa hiyo madumu sijayatuma, huyahitaji.

Kazi hapa ipo tu. Mgeni wetu amesafiri.

Mdogo wako,
Gasper


Newala, 1 Agosti 1993

Mpendwa Gasper,

Tumsifu Yesu Kristo. Mama ana nguvu kidogo, mikorosho imetoa maua mazuri, tunaogopa hata kusema. Emmanuel amekuja na baiskeli mpya, anaiosha kuliko anavyoniangalia mimi.

Wavu umekubali! Niliuchana kwa msumeno mpaka vidole vikavimba, na ndani ya wiki ulianza rangi ya kahawia, halafu kijani, sasa una manyoya kama kondoo. Maji yamekuwa meupe, unaweza kusoma gazeti ukiliweka nyuma ya kabati. Watu wanatoka Makote kuja kuangalia. Bibi mmoja wa Kiyao aliuliza kama samaki hawa wanaliwa, nikamwambia wanaangaliwa, akasema basi nchi imeharibika kweli. Mama Stamili ndiye mlinzi wa wavu sasa. Ukiugusa anakutoa na mwiko.

Mzee Bartholomayo naye alikuja. Akatazama muda mrefu, mikono nyuma. Nikadhani nimempata. Akasema, "Wazuri." Halafu alipofika mlangoni akasema kwa sauti ya kusikika nje: "Sisi tunapanga foleni ya ndoo tangu alfajiri, mwalimu anafuga samaki wa bahari. Haya." Mvua zimekwisha, unajua Agosti ya Newala ilivyo. Bomba la mji limekauka tena, pampu ya bondeni imekufa, na watoto wanakuja shuleni kila mmoja na kidumu chake cha maji kichwani, kutoka kule chini. Maji hayo ndiyo ya kupikia uji, ndiyo ya kunywa shule nzima. Jana nilimwona Oliva amenawa uso, akanawia miguu maji yale yale, kisha akayabeba kwenda kumwagilia mche wa mpapai.

Samaki mmoja amekufa, yule mweusi mdogo. Sijui kwa nini. Wengine wanapumua haraka haraka, na Bwana Afya hakagui tena. Kwenye kingo za kioo kumeshika unga mweupe. Nitumie samaki wengine wawili, Oktoba haiko mbali, na kabati la samaki wanne wenye huzuni halitamshinda mnunuzi wa korosho. Vitalis nimemwomba madumu matatu ya maji ya bahari.

Dada yako,
Schola


Mikindani, 22 Agosti 1993

Dada Schola,

Shikamoo. Nafurahi kwa maua ya mikorosho. Sitazunguka.

Unaongeza maji gani?

Nilikuandikia wazi mwezi wa sita. Unga mweupe kwenye kioo ni chumvi. Samaki wanaopumua haraka ni chumvi. Na wewe unamwagiza Vitalis madumu ya maji ya bahari kwa mlango wa nyuma, kana kwamba mimi sitajua, wakati Vitalis ni rafiki yangu na anaropoka. Dada, wavu wa mwani unaondoa uchafu wa samaki, chumvi hauondoi. Mwani wako unaweza kuwa na manyoya kama kondoo na samaki wakafa wote chini yake.

Nimekutumia kipimo. Ni kichupa cha kioo kinachoelea, kina mistari. Kitumbukize kabatini, uniandikie maji yamekata mstari wa ngapi. Namba tu. Wahenga walishasema, mficha maradhi kifo humuumbua.

Samaki wengine siwezi kutuma kwa sasa. Wamekuwa adimu.

Mdogo wako,
Gasper


Newala, 12 Septemba 1993

Gasper,

Marahaba. Mama mzima, Flora mzima, wote wazima.

Wamekufa wawili tena. Bwana Afya mmojawapo. Wanafunzi wamemzika nyuma ya jiko wakaweka na msalaba, nimewakemea kisha nimekwenda kulia chooni. Umefurahi?

Kipimo kimefika, hakikuvunjika. Asante.

Sasa tuzungumze juu ya uadimu. Vitalis anaropoka pande zote, mdogo wangu, haropoki kwako tu. Kasema geti la ile yadi lina kufuli tangu mwezi wa sita, kwamba mgeni wenu alipanda ndege na hakurudi, na kwamba wewe unalala mle ndani peke yako, unatiririsha maji kwenye matangi ambayo hayana samaki. Kasema hata samaki niliotumiwa ndio waliokuwa wamebaki. Ni kweli au si kweli? Nimekuandikia miezi yote hii, nakuagiza samaki kama ninayeagiza sukari dukani, na wewe unanijibu "kazi ipo tu"! Unamtumia Mama salamu za kukinaishwa na samaki, na huenda hata mhogo huna. Mimi ni nani yako?

Usinifundishe habari za chumvi. Nimesoma ualimu wa baiolojia miaka miwili, najua chumvi inavyomnyonya kiumbe maji ndani ya mwili wake. Ninafundisha jambo hilo ubaoni. Yaliyo mbele ya macho yangu hapa ni watoto wenye vidumu. Wewe uko ufukweni na kisima uani, unaandika "ya kunywa" kama mtu anayeandika "ya bure".

Kamati ni tarehe kumi na tano mwezi ujao.

Schola


Mikindani, 26 Septemba 1993

Dada yangu,

Shikamoo. Vitalis anaondoka sasa hivi, ameshawasha gari, naandika juu ya goti.

Ni kweli. Tuliambiwa tusubiri wiki mbili. Wenzangu waliondoka mmoja mmoja. Mimi nilibaki kwa sababu nilidhani akirudi akute wavu uko hai atajua nani wa kumshika mkono. Sasa naona aibu kuondoka kuliko kubaki, sijui kama utanielewa. Mhogo ninao. Mama usimwambie, dada. Nilimwahidi bati za nyumba mbele ya watu.

Basi nimekujibu swali lako. Na wewe nijibu langu. Maji gani?

Gasper


Newala, 7 Novemba 1993

Mdogo wangu Gasper,

Amani ya Bwana. Nimekawia kwa makusudi, nilitaka hasira ipungue, haikupungua, basi nakuandikia nayo hivyo hivyo. Mama anavuna. Mabibo yameiva, kijiji kizima kinanuka pombe ya uraka, na hakuna anayekwenda zamu yoyote kwa miguu iliyonyooka. Emmanuel ameanguka na ile baiskeli, goti tu.

Maji ya bahari. Nilikuwa naongeza maji ya bahari, tangu mwanzo mpaka mwisho. Barua yako ya mwezi wa sita niliisoma nikaielewa, nikachukua kikombe, nikaenda kwenye pipa la shule asubuhi kabla ya kengele. Nikafunua. Ndani mna majani mawili ya mwembe yanaelea, yale wanayoweka watoto juu ya maji yasimwagike njiani. Nikafunika. Kesho yake nikajaribu tena. Gasper, mimi ni mtoto wa hapa. Mama alitulea kwa kikombe kimoja cha kuogea. Sikuweza kuchukua maji ya mtoto aliyeyapandisha mlimani kwa shingo yake nikampa samaki wa kuangaliwa. Nilisema moyoni, bora nijaribu bahari kwa bahari, labda watazoea. Nilijua hawatazoea. Na kipimo chako nilikitumbukiza mara moja, sikuandika namba kwa sababu kiliibuka mpaka mistari yote ikawa juu ya maji.

Sasa sikiliza kilichotokea, na ukicheka safari hii sitakusamehe.

Siku mbili kabla ya kamati walibaki samaki wawili, mmoja amelala ubavu. Nikasema liwalo na liwe. Nikasimama mbele ya kidato cha tatu, nikawaambia ukweli wote, chumvi, wavu, jua, alama kwenye kioo. Nikawaambia: samaki hawa wanahitaji maji ya kunywa, kikombe kimoja kimoja, na mimi kwa muda wote huu sikuthubutu kugusa maji yenu. Nawaomba. Anayekataa simlaumu.

Wanatazamana. Mwisho Oliva akasimama, akaniuliza: "Mwalimu, kwani hukuwa unachukua?"

Nikasema sikuchukua hata tone.

Akasema: "Sisi tulijua unachukua. Nyumbani wote wanajua. Mzee Bartholomayo alitangaza. Baba alikasirika sana, akataka kunihamisha. Mimi nikamwambia basi nitakuwa nabeba kidumu kikubwa, ili samaki nao wapate. Nabeba kikubwa tangu Agosti."

Darasa zima wakaanza kusema, mmoja baada ya mwingine. Karibu wote. Walikuwa wakibeba zaidi, kwa ajili ya samaki, na Mama Stamili alikuwa anashangaa kwa nini pipa linabaki na maji jioni, akawa anafulia vitambaa vya jiko. Gasper, maji yalikuwepo. Yalikuwepo kila siku, hatua chache kutoka kwenye kabati. Aibu nimeipata, lawama nimeipata, mlimani wamepanda, na samaki nimewaua.

Nilikaa kwenye kiti cha mwanafunzi. Wakaendelea kunitazama, hawakujua kama wanipe pole au wacheke. Wachache walicheka. Sikuwakemea.

Tuliongeza siku ile ile, kidogo kidogo, kikombe asubuhi, kikombe mchana. Yule wa ubavu alikufa. Kamati ilipokuja ilikuta samaki mmoja, wa bluu, na wavu wa kijani kuliko shamba lolote la Newala mwezi wa kumi. Nilieleza kila kitu. Mmoja wa wazazi aliuliza swali zuri sana kuhusu mwani, nikadhani tumeshinda. Halafu wakapiga kura. Chumba kimekwenda. Magunia yalianza kuingia Jumatatu, yamefika darini. Mzee Bartholomayo alinishika mkono akasema, "Mwakani, mwalimu, mwakani," na mimi nikavuta mkono wangu. Najua ni mtu mzima. Nilivuta.

Sayansi sasa tunasoma barazani kwa Mama Stamili. Wasichana wanne wameshahamishiwa ushonaji. Oliva amekataa, kila asubuhi wanamfukuza kutoka darasa la ushonaji kwa kutoshika sindano, anakuja barazani, sijui itakuwaje. Kabati tumelihamisha, samaki wa bluu yuko hai, na kila anayepita na kidumu anammwagia kidogo bila kuulizwa mpaka nimelazimika kuwazuia, sasa maji yanakaribia kukosa chumvi. Watu hawa watanitia wazimu.

La mwisho. Ulinikataza nisimwambie Mama. Sikumwambia. Jumamosi nilikuwa Makote, tunaokota korosho, akaniuliza ghafla, hata hakuinua uso: "Gasper anasubiri nini kule?" Nikajifanya sielewi. Akasema anajua tangu Julai, Vitalis alipita kununua kuku. Kila Jumapili amekuwa akikuulizia kwa watu kana kwamba uko kazini, ili asikuvunjie heshima. Miti ile ya upande wa bondeni ameipulizia salfa mwenyewe na mguu wake mbovu, anasema ni yako, imezaa, na haina mwokotaji.

Nikamwambia unaona aibu kwa ajili ya bati. Akaacha kuokota. "Bati?" akasema. "Bati nilimwomba nani?"

Dada yako,
Scholastika